Wazo la Picha Hutafutwa kwa Penseli

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: msanii hupata wapi wazo, na akishalipata alifanyeje hadi liwe picha. Tumechagua barua nne, na mchoraji wetu wa Kisumu amezijibu.

Kwako mwalimu. Tangu shule ya msingi nimesifiwa kwa kuwa na mkono mwepesi, lakini kila nikikaa mbele ya karatasi tupu sipati la kuchora. Huishia kunakili picha za simu, na michoro hiyo, ingawa inafanana na watu, haina uhai. Wasanii hupata wapi mawazo?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Ndugu yangu wa Kondele, swali lako linachukulia kwamba wazo hutangulia na mchoro hufuata, na nadhani hapo ndipo unapokwama. Wachoraji hawaketi kungoja wazo. Huchora kitu kilichowafanya wasimame njiani, hata kama hawajui kwa nini kimewasimamisha, na sababu hiyo hujitokeza kadiri wanavyokirudia.

Nenda ufuoni Dunga asubuhi, wakati mitumbwi inaporejea na samaki. Usiende kuchora ziwa, kwa maana ziwa ni kubwa mno na kila mtu ameshalichora jua likitua. Chora ncha ya mbele ya mtumbwi mmoja na mapambo yaliyopakwa ubavuni mwake. Chora mikono ya mvuvi anayeshona nyavu, bila uso wake. Chora ile nafasi iliyo wazi kati ya mitumbwi miwili iliyovutwa mchangani, nafasi ambayo ina umbo lake kamili ingawa hakuna anayeitazama. Kando ya kila mchoro andika maneno machache: mwanga ulitoka upande gani, rangi gani ilikushtua, mama aliyebeba beseni la omena alisema nini. Ukifika nyumbani utakuta kwamba mchoro mmoja kati ya hiyo unakuvuta kuliko mingine, na mara nyingi si ule uliochorwa vizuri zaidi. Huo ndio wa kuendeleza.

Kuuendeleza maana yake si kuuchora upya kwa ukubwa na unadhifu. Pigia mstari fremu ndogo sita au nane kwenye ukurasa mmoja, kila moja isizidi ukubwa wa kiberiti, kisha uuchore mpangilio uleule kwa njia tofauti katika kila fremu: upeo wa macho ukiwa juu kabisa, kisha ukiwa chini, mvuvi akiwa karibu hadi anakatwa na ukingo wa picha, kisha akiwa mbali na mdogo, fremu ikiwa imesimama, kisha ikiwa imelala. Usichore macho wala vidole humo. Weka tu penye giza na penye mwanga, huku ukiyafinya macho yako ili mambo madogo yapotee. Fremu mbili za kwanza zitakuwa za kawaida, kwa kuwa ndizo zinazomjia kila mtu. Kuanzia ya nne au ya tano utalazimika kubuni, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa yako.

Habari ya mchoraji Mhispania Pablo Picasso inalieleza jambo hili vizuri. Mnamo Januari 1937 serikali ya Jamhuri ya Uhispania ilimwomba mchoro mkubwa wa ukutani kwa ajili ya banda lake katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, na hadi Aprili alikuwa bado anazungukazunguka na michoro ya mchoraji akiwa chumbani mwake mwa kazi, mada ambayo haikumpeleka popote. Tarehe 26 Aprili, Uhispania ikiwa vitani, mji wake wa Guernica ulishambuliwa kwa mabomu. Tarehe 1 Mei alianza kuchora, na katika michoro ya siku hiyo tayari wamo fahali, farasi na mwanamke anayenyoosha taa dirishani, wote wakiwa wamechorwa ovyoovyo kama kwamba mtoto ameshika penseli. Kilichofuata ni makumi ya michoro ya majaribio, na hata alipohamia kwenye kitambaa chenye upana wa karibu mita 8 aliendelea kubadilisha. Mpiga picha Dora Maar alizipiga picha hatua hizo, na kwa sababu hiyo tunajua kwamba mpiganaji aliyeanguka aliwahi kuinua mkono uliokunjwa ngumi, ambao baadaye uliondolewa, na kwamba kiwiliwili cha fahali kiligeuzwa. Habari za vita zilimpa sababu ya kuchora, lakini picha yenyewe, iitwayo Guernica kama mji huo, aliipata kwa kuchora na kufuta.

Kwetu pia mfano upo. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alihudhuria mkutano wa kampeni katika bustani ya Uhuru mwaka 2017, na picha kadhaa kubwa zikatokana na aliyoyaona pale. Yeye hupaka rangi juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda, ambacho huwa na matundu na mishono, na mchoraji hulazimika kukubaliana na matundu hayo anapopanga picha yake. Leonardo da Vinci naye aliwashauri wachoraji wazitazame kuta zenye madoa hadi waone humo milima, mapigano na nyuso. Ushauri huo una zaidi ya miaka 500 na sioni haya kuurudia: kuta na mabati yenye kutu hayakosekani Kisumu, na hayatozi ada.

Kuhusu simu, sikukatazi kuitumia. Itumie kukumbuka umbo la nanga au idadi ya makasia. Tatizo lake ni kwamba inahifadhi kila kitu kwa uzito uleule, jiwe sawa na uso, ilhali mkono unaochora haraka hauna budi kuchagua, na uchaguzi huo ndio unaokosekana katika michoro yako.

Mwalimu, nimepewa kazi ya kuchora ukuta wa shule ya chekechea hapa Nakuru. Mwenye shule anasema nichore "kitu kizuri tu", kisha anataka kuona mchoro kwanza. Nianzie wapi?
*Mchoraji chipukizi, Nakuru*

Anza kwa kupima ukuta, dada. Tuseme una urefu wa mita 6 na kimo cha mita 3: chora fremu ya sentimita 30 kwa 15, ili kila sentimita 5 za karatasi ziwe mita 1 ya ukuta. Mchoro ukishakubaliwa, ugawanye kwa miraba ya sentimita 2.5, na ukutani upige miraba ya nusu mita kwa uzi uliopakwa chaki, kama wafanyavyo mafundi wa ujenzi. Kisha hamisha mraba mmoja baada ya mwingine.

Kuhusu mada, najua utashawishika kuchora heroe (flamingo) wa waridi, kwa sababu Nakuru ndivyo inavyotarajiwa. Lakini tangu maji ya ziwa yapande, heroe wengi wamehamia Ziwa Bogoria, na watoto hao huenda wanaijua zaidi ile migunga iliyokauka ikiwa imesimama majini huku ndege wametua juu ya matawi. Nenda ukaichore papo hapo kabla hujaamua. Chuchumaa pia mbele ya ukuta, uone mtoto wa miaka minne anafikia wapi kwa macho, kwani sehemu hiyo ya chini ndiyo wachoraji wengi huijaza nyasi tupu.

Mpelekee mwenye shule michoro miwili, si mmoja wala mitano. Akipewa mmoja atautafutia kasoro, na akipewa mitano atataka kuichanganya yote. Na uyadai malipo ya michoro ya awali kabla ya kununua rangi, kwa maana kufikiri nako ni kazi.

Hujambo mwalimu. Nikichora sokoni watu hunizingira na mkono hutetemeka. Isitoshe, hawatulii. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Kakamega*

Simama ukiwa umeupa ukuta mgongo, utumie daftari linaloenea kiganjani, na uombe ruhusa unapomchora mtu wa karibu. Mara nyingi atacheka na kuwaita rafiki zake. Ama kuhusu kutotulia, watazame waendesha bodaboda stejini. Kila mmoja ana mikao mitatu au minne anayoirudia: kuegemea usukani, kukunja mikono, kugeuka nyuma kumtafuta abiria. Anza mchoro mmoja. Akigeuka, anza mwingine pembeni. Akirudi kwenye mkao wa kwanza, rudi nawe. Ukipata mstari wa mgongo na mahali uzito wa mwili unapokalia, mengine utayamalizia baadaye.

Ninahitaji vifaa gani, na je, michoro iliyoharibika niitupe?
*Msomaji, Kisii*

Daftari lisilo na mistari, penseli ya 2B na kalamu ya wino ya kawaida vinatosha. Wiki za kwanza acha ufutio nyumbani, ili mstari uliokosewa ubaki ukikuonyesha ule wa pili unapaswa kupita wapi. Usitupe kitu. Turner, mchoraji wa Uingereza, aliacha madaftari ya michoro yapatayo 300, ambayo leo yanahifadhiwa Uingereza, na kurasa nyingi humo ni mistari michache tu ya kilima au mashua. Andika tarehe na mahali kwenye kila ukurasa, hata ule unaokuudhi, kwa kuwa utakapotafuta mkao wa mtu anayeinama hutakumbuka uliuchora lini, lakini utakumbuka kwamba ilikuwa Keroka, siku ya soko.