Nilishuka kutoka 600 hadi tustroki ya 175, haya ndiyo niliyoyakuta

Mkuu, umeuliza kama mtu wa Mbeya akiuza XT600 yake (pikipiki ya Yamaha ya fostroki, cc 600) akachukua DT175 ya mtumba (Yamaha ya tustroki, cc 175, inayounguza oili pamoja na petroli) atajuta, na kama ile ndogo itapanda Kitulo kweli. Mimi nimeendesha zote mbili kwenye milima hii hii, kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Kilichonifanya niiuze 600 ni mgongo. Mwezi wa tatu, mvua zetu hizi zisizo na adabu, nilikuwa napandisha kutoka Isyonje kwenda Kitulo. Udongo wa kule ukilowa ni mlenda. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na malori ya viazi, nikalala nayo. Kuanguka si hoja, shughuli ni kuinua. Lile dude lina zaidi ya kilo 150, na kule juu hata pumzi unavuta ya kubahatisha. Mara ya kwanza niliinua mwenyewe. Mara ya pili nilisaidiwa na vijana waliokuwa wanapakia viazi. Mara ya tatu sikuinua kitu, nilikaa kwenye majani pembeni nikaanza kupiga hesabu ya bei ya kuuzia.

DT ina kama kilo 100. Ikilala, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti, imesimama. Hiyo peke yake imenirudisha kwenye njia ambazo nilikuwa nimezisusa.

Sasa nguvu. Kila ukipanda mita 1,000 injini ya kabureta inapoteza kama sehemu moja ya kumi. Kitulo ni mita 2,600 hivi, kwa hiyo karibu robo ya nguvu unaiacha njiani. Kwa 600 hutajua, ina akiba. Kwa 175 utajua. Inapanda, ndiyo, ila lazima ujifunze upya kuendesha. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa naiendesha kizamani: gia ya tatu, mzunguko mdogo, nasubiri injini inivute. Haikuvuti, inakufa mkononi. Tustroki inawaka kila mzunguko, fostroki inawaka mmoja inaruka mmoja, ndiyo maana injini ndogo hivi inakupa kishindo kikubwa. Lakini kishindo hicho kinakaa kwenye mzunguko wa juu wa injini tu. Ukiichelewesha imelala, ukiikoleza inakurupuka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Vidole viwili viwe kwenye klachi muda wote, na usione aibu kurudi gia ya kwanza.

Kushuka ndiko wengi hawakusimulii. Teremka kutoka Matamba kwenda Chimala kwa zile kona za Hamsini na Saba utaona. 600 ukiirudisha gia inakuzuia yenyewe. Tustroki ukifunga mafuta inateleza tu, kazi yote inabaki kwa breki, na zangu ni za ngoma. Halafu yangu pampu ya kupeleka oili kwenye injini iling'olewa na mmiliki wa mwanzo, kwa hiyo nachanganya oili kwenye petroli. Ukifunga mafuta mteremko mzima, pistoni inakimbia huku oili haiifikii. Kila kona mbili tatu nakamata klachi, napiga resi kidogo, naachia.

Kuhusu oili usiogope, huku kwetu kuna misumeno ya mbao mingi kuliko kona. Makete, Mufindi, popote wanapochana mbao, oili ya tustroki ipo dukani. Chupa ya nusu lita kwenye dumu la lita 20, umepata moja kwa arobaini. Angalia tu usiuziwe ile ya kulainisha mnyororo wa msumeno. Na ukiwa ziwani usichukue ya injini za boti, ile ni ya injini zinazopozwa na maji, yako inapozwa na upepo.

Lami? Hapo nakubali nimepoteza. Barabara kuu ya kwenda Makambako na malori yale, DT inalia kama imedhulumiwa na wewe unaangalia kioo muda wote. Petroli nayo inakunywa kuliko ujazo wake unavyokudanganya. Kama safari zako nyingi ni za hivyo, baki na 600 yako.

Kosa langu kubwa nilifanya nikienda Matema, kule chini Ziwa Nyasa. Huku juu hewa ni nyepesi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, plagi inatoka nyeusi imelowa. Fundi akaniwekea jeti ndogo kwenye kabureta, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli, na pikipiki ikapendeza sana, plagi rangi ya kahawa iliyokaangwa. Nikajisahau. Nikashuka Tukuyu, nikaingia tambarare ya Kyela, chini ya mita 600 sasa, joto, barabara imenyooka, nikafungulia mpaka mwisho. Kule hewa ni nzito, jeti yangu ikawa inatoa petroli kiduchu, na petroli ikipungua oili nayo inapungua kwa sababu zinasafiri pamoja. Nikasikia mlio umekuwa mkavu, mwembamba. Kabla sijaelewa, gurudumu la nyuma likaganda. Vile vidole viwili kwenye klachi ndivyo vilivyoniokoa nisipige mweleka.

Pistoni ilikuwa na michirizi upande mzima. Silinda ikachongwa, ikawekwa pistoni ya saizi inayofuata. Kwa injini isiyo na vali kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja. Nauli ya kuibeba kwenye Fuso kurudi Mbeya ndiyo iliniuma.

Siku hizi jeti kubwa inakaa kwenye kikopo chini ya kiti. Nikifika Tukuyu nasimama, nafungua kabureta, nabadilisha, dakika 15 hivi. Bodaboda wa pale wananiona kila mara wanadhani pikipiki imeharibika tena.