Nyasi hii, nyasi hizi, na kibao cha Saadani

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, kwetu Bagamoyo. Nimeandika maneno ya kibao cha kuwaeleza wageni yale majani marefu ya Saadani: "Nyasi hii ya asili hudumu miaka mingi na huota kwenye savana." Mwenzangu, mtu wa Pangani, kanikosoa mara mbili: eti ni "nyasi hizi", na eti savana si Kiswahili, niandike "nyika". Rangi sijainunua bado. Nani kasema kweli?

JIBU: Mwenzako kapatia la kwanza. La pili kateleza.

Jani moja ulilolichomoa ni unyasi. Ukikamata konzi nzima, hizo ni nyasi. Unyasi huu, nyasi hizi, kama ukuni na kuni, unywele na nywele. (Wapo siku hizi wasemao "nywele yangu imekatika", ugonjwa ni huo huo.) Ukitaka shahidi, sikiliza methali: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Hiyo zi- haikujiweka pale yenyewe.

Kosa linatoka wapi basi? Nadhani linatokana na unyasi kukosa kazi. Nani ana haja na jani moja? Mwezekaji hazihesabu nyasi, anazifunga mizigo. Neno likishasahaulika umoja wake, wingi hubaki peke yake na kuanza kufanana na nyama au ngozi, na ulimi unalitafutia upatanisho wa huko: nyasi hii, nyasi hizi. Nimeyasikia hayo kwa watu ambao Kiswahili ni chao tangu kuzaliwa, wala sitamcheka mtu. Ila maneno ya mdomoni hupita, kibao kinabaki na jina lako.

Nakuelewa lakini. Wewe hukuwa na jani moja akilini, ulikuwa na mmea mmoja kati ya mingi. Hapo lugha imekuwekea "aina": aina hii ya nyasi huota. Upatanisho unafuata aina, na ugomvi wenu umekwisha. Tena aina hiyo ina jina, kwa nini usiliandike? Kama ni ile ndefu, inayopita kimo cha mtu na kufaa kuezekea, ile iliyojaa upande wa Mkwaja palipokuwa na ranchi ya ng'ombe kabla ya hifadhi ya taifa kutangazwa 2005, wataalamu wa mimea huiita Hyperthelia dissoluta. Muulize mtaalamu wa hifadhi kabla hujapiga rangi, maana nyasi ndefu za Saadani si za aina moja.

Umeandika katika swali lako "majani marefu", kisha kwenye kibao "nyasi". Huko si kujipinga. Tanga mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akitoka na mundu anakwenda kukata majani, hata kama ni nyasi tupu, na yale mapana ya kupanda ni majani ya tembo. Kwa masikio yangu, majani huliwa. Nyasi huezekwa au huungua.

"Hudumu miaka mingi" ni sawa, ila mgeni atakayefika Septemba akute jivu atakushangaa. Kinachodumu ni mizizi na mashina ya chini. Majani hukauka au huungua kiangazi, mvua ikinyesha mafungu yale yale yanachipua. "Ya kudumu" inatosha, ukiongeza hilo la kuchipua.

Sasa nyika. Kwa watu wa pwani nyika ni bara kavu, miiba na vichaka, nchi ya kuvuka ukiwa na maji yako. Majirani zetu wa Kenya wanaoitwa Wamijikenda waliitwa Wanyika, na jina hilo hawakulipenda. (Usinitajie Tanganyika kuwa ni Tanga na nyika. Jina lilikuwa la ziwa, mbali kabisa na Tanga, kabla Waingereza hawajaipa nchi 1920.) Pwani ya Saadani ina unyevu, nyasi zake zinamficha mtu. Ukiiita nyika, umeikausha.

Mbuga nayo? Wengi huitumia kwa hifadhi ya wanyama. Maana yake ya zamani ni uwanda wa udongo mweusi mzito, unaotuamisha maji masika na kupasuka kiangazi. Saadani ina udongo wa namna hiyo, lakini si kila mahali. Kibao kikiwa hapo, andika mbuga. Kikiwa kwingine, acha savana yako. Ni neno la kuja, ila kila aliyesoma jiografia analijua, na linasema kile hasa unachokiona: nyasi ndefu na miti ya hapa na pale.

Mimi ningeandika: "Aina hii ya nyasi za asili ni ya kudumu. Huungua kiangazi, huchipua mvua zikinyesha, na huota kwenye savana za pwani hii." Juu yake acha nafasi ya jina.