Paa la kibanda cha Sukoti

SWALI: Mambo ya Walawi 23:42 inaagiza kukaa vibandani siku 7 za Sukoti, yaani Sikukuu ya Vibanda. Wayahudi hukijengaje kibanda hicho, na kina funzo gani?

JIBU: Funzo limo paani. Mavuno yamekwisha, ghala zimejaa, na wakati huohuo mtu anaacha nyumba imara ale chini ya majani, akumbuke nani aliwahifadhi babu zake jangwani. Kuta zaweza kuwa mbao au turubai iliyokazwa. Paa liwe makuti, matete au matawi yaliyokatwa. Tawi lililo bado mtini halifai, wala kibanda kilicho chini ya mti. Kivuli kizidi jua, ila nyota zionekane. Wengi hukosea hapa: majani mabichi hunyauka, mianya ikapanuka, jua likazidi, kibanda kikabatilika. Ezeka kwa akiba. Mvua ikiharibu chakula, ruhusa kuingia ndani.