Nebula zinatokeaje, na je zote ni nyota zilizolipuka?

Mkuu umeuliza nebula zinatokeaje, kama zote ni mabaki ya nyota zilizolipuka, kama zile rangi za kwenye picha ni za kweli, na kama Jua letu nalo litakuja kuacha nebula. Mimi ni miaka sasa naziangalia kwa darubini, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu maana hili jambo nalipenda kweli.

Kwanza hapana, za mlipuko ni sehemu ndogo tu. Nebula ni wingu la gesi na vumbi, gesi yenyewe karibu yote ni haidrojeni na heli. Kati ya nyota na nyota huko sio patupu kabisa, kuna gesi imetapakaa, nyembamba mno, sasa ikirundikana sehemu moja halafu ikapata kitu cha kuiangaza, ndo tunaiona. Yaani kuna maswali mawili hapo, wingu limetoka wapi, na linang'aa kwa sababu gani. Wengi wanauliza la kwanza wanaishia hapo, ila kwangu la pili ndo tamu zaidi.

Chukua Nebula ya Orion, wanaiandika M42. Ipo umbali wa miaka ya nuru kama 1,350, na Desemba mpaka Machi jioni unaiona kwa macho tu, upande wa kusini kidogo wa zile nyota tatu za Orion zilizojipanga mstari, kama ukungu hivi. Hii haijalipuka, hapa nyota zinazaliwa. Ilianza na wingu la baridi kali, nyuzi kama 260 chini ya sifuri, na wingu la namna hiyo linaweza kukaa muda mrefu sana limetulia mpaka kitu kilisukume, labda wimbi la nyota iliyolipuka jirani au wingu jingine lije kuligonga. Zile sehemu nzito zinaanza kujivuta zenyewe kwa uzito wake, zinajikunja, katikati joto linapanda na kupanda hadi haidrojeni inaanza kuungana kuwa heli, na hapo tayari una nyota. Nyota kubwa zinawaka kwa joto la kutisha na zinamwaga miale ya urujuanimno (ultraviolet) inayong'oa elektroni kwenye atomu za haidrojeni, elektroni zikirudi mahali pake atomu zinatoa mwanga, na mwanga wa haidrojeni unaotawala ni mwekundu. Ndo wekundu wote ule unaouona kwenye picha.

Sasa weka darubini hapo katikati, hata ndogo inatosha. Utakuta nyota nne zimebanana, na moja kati ya hizo, Theta-1 Orionis C, ndo inafanya karibu kazi yote ya kuiwasha nebula nzima. Usiikodolee macho moja kwa moja, angalia pembeni yake kidogo, maana pembeni ya jicho ndo panakamata mwanga hafifu. Tulia dakika chache, gesi itaanza kutanuka pande zote mbili, na utaona ulimi mweusi umeingia hadi karibu na zile nyota nne. Ule weusi sio tundu, ni vumbi limesimama mbele likaziba.

Rangi sasa. Kwenye darubini huoni wekundu, unaona kijivu chenye ukijani kwa mbali, sababu jicho kwenye giza halishiki kabisa ule wekundu, kamera ndo inaukusanya taratibu. Ukijani nao ni wa kweli, na una historia nzuri. Mwaka 1864 mwanaastronomia Mwingereza William Huggins alitawanya mwanga wa nebula moja kuwa rangi zake akakuta mistari michache tu inayong'aa, akajua hii ni gesi na sio nyota nyingi zilizosongamana. Ila mstari wa kijani haukufanana na elementi yoyote iliyojulikana, ikafikia watu wakadhani kuna elementi mpya, mpaka 1927 mwanafizikia Mmarekani Ira Bowen alipoonyesha ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, inatoa mwanga huo kwa sababu gesi ni nyembamba kiasi kwamba atomu zinakaa muda mrefu bila kugongana.

Kuna nyingine haziwaki zenyewe. Kilimia, lile kundi la nyota, kina ukungu wa bluu, ule ni vumbi linalorudisha mwanga wa nyota zile, na nyota zenyewe hazikuzaliwa humo, zinapita tu.

Za mlipuko zipo, na maarufu ni Nebula ya Kaa. Mwaka 1054 Wachina waliandika wameona nyota mpya, kali hadi ikaonekana mchana siku 23. Leo pale pana gesi inatanuka kwa kilomita kama 1,500 kila sekunde, na katikati kiini cha ile nyota kinazunguka mara 30 hivi kwa sekunde moja!

Jua letu halitalipuka, halina uzito huo, nyota inatakiwa iwe nzito kama mara nane ya Jua. Miaka bilioni 5 hivi ijayo litavimba, litapukutisha tabaka zake za nje polepole, kitabaki kiini kidogo cha moto chenye ukubwa kama wa Dunia, na miale yake ndo itaziwasha zile gesi. Nebula za hivi hazidumu, miaka makumi ya maelfu tu gesi inatawanyika. Ukitaka kuona mfano wake tafuta M57 kwenye kundinyota la Lyra, kwa darubini ya kawaida unaona kiduara cha kijivu chenye uwazi katikati. Kile kinyota cha katikati usikitegemee, ni hafifu sana, kinataka darubini kubwa na anga safi kwelikweli.