Anayesema alisikia kimondo, mwulizeni lini

Swali lenu la juma hili, kama mtu anaweza kusikia kimondo kikianguka, limezua ubishi kwetu Himbi hapa Goma. Wengi walisema haiwezekani. Mimi nasema inawezekana, ila kuna sauti za aina mbili na watu wanazichanganya.

Ya kwanza haina utata. Vimondo vingi huungua kilomita 80 hadi 120 juu yetu, na sauti hutumia kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Kishindo cha kilomita 100 juu kingefika baada ya dakika tano hivi, mtazamaji amekwisha kuingia ndani. Vile vidogo havifikishi chochote. Kile cha Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, kilikuwa kikubwa, kikapasuka kwenye kilomita 30 hivi. Watu wakakimbilia madirishani kutazama mwanga. Kishindo kikaja baadaye, vioo vikawapasukia. Walioumia walikuwa kama 1,500. (Hapa kwetu tungedhani kwanza ni bomu, kisha radi, kisha volkeno yetu ya Nyiragongo. Kimondo kingekuja mwisho kabisa.)

Ya pili ndiyo inayonivutia. Wapo wanaosema walisikia "chaaa", kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zikitiwa kwenye mafuta moto, palepale kimondo kilipopita. Mwaka 1719 mwanafalaki Edmond Halley alipokea ushuhuda wa namna hiyo kule Uingereza, akaona watu wamejidhania tu. Kwa hesabu ya mwendo wa sauti alikuwa na haki. Lakini mwanga haukawii. Mwanafizikia Colin Keay wa Australia alieleza jambo hili kwa mawimbi ya redio, ambayo nayo huenda kasi kama mwanga. Mimi nawaamini zaidi watafiti wa Marekani, ambao mwaka 2017 walionyesha kwamba mwanga mkali unaopepesa kwa kasi kubwa hupasha joto vitu vyepesi vyeusi: nywele, nguo, majani. Joto hilo hutikisa hewa iliyovigusa, na hewa ikitikisika hivyo, sikio linasikia. Sauti inazaliwa hapo hapo ulipo, haishuki kutoka juu.

Masharti ni magumu: kimondo king'ae kama mwezi mpevu au zaidi, na pawe kimya. Kimya chenyewe mjini kwetu tutakipata wapi? Umeme ukikatika, jenereta zinaanza.

Kwa hiyo akija mtu na habari hizo, msimcheke. Mwulizeni kama sauti ilikuja pamoja na mwanga au ilikawia, na kama alisimama karibu na miti. Akisema jenereta ya jirani ilikuwa ikiunguruma, hapo mna ruhusa ya kutilia shaka.