Bibi kapata 14 kati ya 30: niandike demensia?

Swali: Ni afisa tabibu, kituo cha afya Sengerema. Nimeletewa bibi wa miaka 74 hivi, hajasoma, zamani akiuza dagaa. Bintiye anasema anasahau. Kwenye MMSE, kipimo cha kumbukumbu na akili, kapata 14 kati ya 30. Niandike demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na fikra?

Jibu: Usiandike bado, ndugu tabibu. Kipimo hicho kinamtaka mtu asome agizo, aandike sentensi na anakili mchoro. Asiyewahi kushika kalamu atapoteza alama hizo hata akiwa na akili timamu. Na kama ulimuuliza Kiswahili naye ni mtu wa Kisukuma, umemwonea zaidi.

Mwite binti pembeni. Usimuulize kama bibi anasahau, maana nani hasahau? Uliza alichokuwa akikiweza mwaka juzi ambacho leo kinamshinda. Bibi huyu alikuwa akipima dagaa kwa kopo, anarudisha chenji, anajua nani kakopa. Chenji ilianza kumchanganya lini? Chumvi anatia mara mbili? Amewahi kupotea njia ya kisimani? Mambo hayo yakiporomoka polepole kwa miezi sita au zaidi, hapo demensia inaingia.

Yakianza wiki hii, asubuhi anakutambua na jioni hakutambui, hiyo ni deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa au dawa. Mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. Mwenye deliriamu hupotea katikati. Pima malaria, sukari na mkojo, sikiliza mapafu, kisha fungua mfuko wake wa dawa: amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu) na Piriton (dawa ya mzio na mafua) huvuruga wazee kuliko tunavyodhani.

Kwa asiyesoma tumia kipimo kiitwacho IDEA, kilichoandaliwa kwa wazee wa Hai, Kilimanjaro. Hakina kalamu: anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno, anapanga njiti za kiberiti kama ulivyopanga wewe. Alama 7 au chini yake, kati ya 15, ni shaka kubwa. Ila toa nta masikioni kwanza!

Usisahau visababishi vingine vya kusahau: sonona, VVU, kaswende, ugonjwa wa tezi ya shingo (thairoidi) na upungufu wa vitamini B12. Kama alianguka akagonga kichwa, mpe rufaa ya CT (picha ya ubongo) hospitali ya Bugando, Mwanza.

Halafu kuna hili la kwetu Usukumani. Bibi anayetangatanga usiku akiongea peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni, majirani wana jina la kumwita tayari, mchawi, na vikongwe wameuawa kwa jina hilo. Ukithibitisha demensia, waite wanawe wote, wa kiume hasa, uwaambie ni ugonjwa wa ubongo, na uliandike hilo kwenye daftari lake la kliniki.