Nitampigaje Binti Yangu Picha za Mahafali Nikiwa Viti vya Nyuma?

SWALI: Ndugu Mshauri, Novemba hii binti yetu anahitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mahafali yatafanyika ukumbi wa Mlimani City. Ni wa kwanza katika ukoo wetu kufikia hatua hiyo. Shemeji ameniazima kamera yenye lenzi ya milimita 18–55, nami nina simu nzuri kiasi. Nimeambiwa kwamba wazazi huketi mbali na jukwaa. Nifanyeje nisikose picha? – Mama Mhitimu, Morogoro

JIBU: Hongera sana, mama, wewe na ukoo mzima. Wazazi wengi huingia ukumbini wakingoja jina la mtoto wao lisomwe, ilhali katika vyuo vyetu vikubwa wanaoitwa mmoja mmoja ni hasa wahitimu wa uzamivu (PhD). Wa shahada ya kwanza husimama kwa makundi ya programu zao, na Mkuu wa Chuo huwatunuku wote kwa pamoja. Kwa lenzi hiyo isiyovuta mbali, ukiwa nyuma, utapata bahari ya kofia tu. Mwulize binti mapema jina kamili la programu yake na upande atakaoketi, piga picha chache za ukumbi mzima kundi lake linaposimama, kisha weka kamera chini upige vigelegele. Flashi izime, kwani mwanga wake hufika mita chache tu na utaishia kwenye visogo vya walio mbele yako. Picha zikitokea na mistari ya giza, chanzo ni taa: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa hupepesa kwa kuufuata, hivyo weka spidi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, iwe 1/100 au 1/50 ya sekunde na mistari itapungua.

Picha utakazozitundika ukutani zitapatikana nje, na huko ndiko ninakokusihi uweke nguvu zako. Mwezi Novemba, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam huwa karibu utosini, na ule ubao wa kofia ya mhitimu huangusha kivuli kizito juu ya macho na pua. Msogeze binti kwenye kivuli cha mti au baraza, uso wake ukielekea upande wenye mwanga, au subiri hadi baada ya saa kumi jioni. Nyuma yake kukiwa na ukuta mweupe au anga, uso utatoka mweusi usiosomeka. Kwenye simu gusa uso wake kiooni kisha telezesha kidole kuongeza mwanga, na kwenye kamera ongeza fidia ya mwanga (sehemu yenye alama ya +/−) hadi +1. Naomba sana uzime kile kipengele cha simu kinachong'arisha na kulainisha ngozi, kwa maana binti aliyesoma miaka yote hiyo anastahili kuonekana kwa sura na rangi yake mwenyewe.

Unapompiga peke yake, tumia milimita 55, yaani lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, na urudi nyuma hatua kadhaa, kwa kuwa ukitumia 18 ukiwa karibu naye, pua huonekana kubwa kuliko ilivyo. Mpige kwanza kabla ya kuvishwa mataji ya maua, ambayo hufunika joho lote, ndipo ndugu wamvishe. Halafu mkabidhi mtu mwingine kamera, nawe usimame karibu na mwanao. Akina mama wengi waliouza mazao na kukopa vikoba ili kulipa ada hawaonekani katika picha hata moja ya siku hiyo.

Joho mara nyingi hukodishwa, basi ulizeni siku ya kulirudisha, kwani likiweza kufika Morogoro, bibi yake asiyeweza kusafiri atapata kupigwa picha pamoja na mjukuu wake. Kabla ya kumrudishia shemeji kamera, nakili picha zote mahali pawili, na zile nzuri kabisa uzipeleke studio zikasafishwe kwenye karatasi.